Lenzi ya Marehemu Imefunguka

Nabor ameifungua lenzi ya marehemu baba yake, ile iliyowashinda mafundi wote wa Xalapa! Shikamoo, dada Chabela. Kaifungua pete kwa pete, kuvu kaipangusa kwa pamba, kioo kimetakata kama machozi. Nani ana mtoto kama wangu?

Wateja humpa kamera kupitia dirishani, maana nje hatoki tangu tumzike baba yake, mwaka wa pili huu. Nami nimefungwa naye. Nikishika ufagio tu, “Mama, vumbi!” Jana nikamjibu, “Weye, nilikuzaa wewe au lenzi?” Akacheka! Nikamwomba atupige picha ukoo mzima uani kwa lenzi hiyo. Akasema, “Wakija wote, nitajaribu kutoka.”

Dada, asikose hata mmoja. Mdogo wako Tencha nawangoja Jumapili, tarehe kumi na saba.