Mpagazi wa Kwenye Mchezo

Pasua, Jumanne, Julai 2003

Hadi sasa nina hasira. Miaka yote hii nacheza ule mchezo wa mapanga na mazimwi kwenye kompyuta ya rafiki yangu Eliya, nikiisubiri sehemu mpya. Leo tumeiweka. Ina mlima wa theluji, mzuri kweli.

Lakini shujaa anapanda mbio kifua wazi, wala hahemi! Mizigo anabebewa na mpagazi wa kukodi. Karibu na kilele mpagazi akafa kwa baridi. Mwili ukatoweka, mizigo ikabaki.

"Songa mbele, kaka," Eliya akasema. "Kijijini utakodi mwingine."

Nikazima kompyuta. Eliya anasema eti nimekasirikia mchezo tu!

Kesho alfajiri napanda mlima na mahema ya wageni kichwani. Hicho kijiji cha kukodi mwingine nakijua. Ni kwetu, Masama.