Shemeji kwenye duka la magauni

Shoga, acha unachofanya usome. Dada yangu ataniua kwa kicheko.

Si unajua anauza magauni ya harusi mtandaoni? Tovuti yake imekuwa ikikokota miguu wiki nzima. Kumbe duka lingine limetundika magauni yake kama yao! Na hata kunakili picha hawakunakili. Wanazivuta papo hapo kutoka tovuti ya dada. Mteja wao akifungua, mzigo wa kuonyesha picha unabebwa na tovuti ya dada!

Fundi wa tovuti akamwambia, "Nazuia sasa hivi, zisionekane kwingine."

Dada akasema, "Subiri. Kwanza tuwape picha nyingine."

Akampiga picha mumewe! Shemeji kalala kwenye kochi, fulana imepanda, kitambi nje, mdomo wazi. Fundi akaitega: kwa dada gauni linabaki gauni, kwa wale wezi anatokea shemeji.

Duka zima shemeji! Chini yake maneno yao wenyewe: "Chaguo maridadi kwa bibi harusi." SHEMEJI. MARIDADI.

Mwenye duka akapiga simu anafoka, "Mtoe huyo mwanaume, wateja wananicheka!"

Dada, sauti ya asali: "Kwani mume wangu anafanya nini dukani kwako?"

Simu ikakatwa. Fundi akafunga kabisa, sasa hawavuti kitu.

Ikabaki kumwambia shemeji. Mimi nilishashika mkoba nikimbie. Akaitazama ile picha weee, akamgeukia dada kwa uchungu:

"Yaani umekosa hata ile niliyovaa suti?"