Siku ya Kura ya Wilmer

Baba Neema,

Jana Jumatatu asubuhi, Wilmer wako wa kazini alikuja hapa St Marys. Tangu tukuzike mwezi wa nane alikuwa hajaingia nyumbani. Siku ile tuliruhusiwa watu kumi tu makaburini, kwa ajili ya korona. Yeye alisimama nje ya uzio na barakoa yake mpaka tulipomaliza. Nilimwona. Sikuweza hata kumpungia mkono.

Kwao Nikaragua, kwa tofauti ya saa, ilikuwa bado Jumapili, siku ya kura. Waliotaka kushindana na rais wamefungwa gerezani, alisema, sasa kura ya nini? Ulikuwa umemwahidi kule ghalani Ingleburn kwamba siku hiyo mtakaa pamoja, kama alivyokaa nawe matokeo ya kura ya Kongo yalipotangazwa. Basi nikakaa mimi. Nilimpikia sombe, majani yetu ya muhogo.

Alimpigia mama yake simu, akaiweka mezani. Mama hakwenda kupiga kura. Amejifungia ndani, anaogopa majirani watamwona kidole hakina wino. Wilmer alinitafsiria hayo kwa Kiingereza. Neema akamletea maji, akamwambia, "Pole, baba." Kwa Kiswahili, mume wangu. Huyu anayetujibu Kiingereza siku zote.

Kisha Wilmer akaniuliza, "Na yeye siku ile ya matokeo ya Kongo, nyumbani alifanyaje? Kazini alikuwa anacheka tu."

Nisamehe. Nilimwambia. Kwamba ulirudi, ukaingia bafuni, ukafungulia maji watoto wasisikie, ukalia... na mimi nimesimama nje na taulo, sijui nigonge au niondoke. Hatukuwahi kulizungumza, mimi na wewe. Wilmer akainamia meza, akalia kama mtu aliyepewa ruhusa. Nami nikalia. Tangu msiba sikuwa nimelia mbele ya mtu.

Leo ametuma ujumbe: rais ni yuleyule. Mama yake ni mzima.

Jioni Neema ameniuliza kama wewe uliwahi kupiga kura. Nikamwambia ndiyo, Bukavu, ulipanga foleni tangu alfajiri na mvua ikakunyeshea, ukarudi unaonyesha kidole chako kwa kila mtu. Alicheka. Anataka kujua yote.

Nitamwambia yote, nakuahidi. Sitamsimulia baba asiyewahi kulia.

Pumzika, mpenzi wangu.

Mama Neema