Picha za Utosi wa Mama

Juu ya saluni, mlango wa pili,
Jumapili, tarehe 16 Juni.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Nimemdanganya Mama kwa miezi mitatu, na wewe ndiye wa kwanza kuambiwa. Nisamehe kwa kutanguliza hili. Nikianza na salamu nitaishia hapo hapo. Hujambo lakini? Mgongo umeacha kukusumbua? Baba Mdogo na watoto wazima? Sisi tunakula na kulala, siwezi kudai zaidi ya hayo.

Unajua Mama alianza kufunga kitambaa hata ndani ya nyumba. Nywele za utosini zimekwisha. Ni ile misuko ya kubana aliyojisuka miaka yote ili wateja waone kazi yake. Sasa wanauliza ni msusi gani huyu anayeficha kichwa. Mteja mmoja, tunamwita Madoido, alimwambia mbele ya watu, "Dada, humo ndani umeatamia mayai? Hebu fungua tuone!" Walicheka wote. Mama naye alicheka.

Ndipo akaenda kwa daktari wa ngozi. Wanamtoa damu mkononi, wanaizungusha kwenye mashine mpaka wekundu unazama na juu yanabaki maji ya manjano. Yana chembe sahani nyingi, zile tulizosoma darasani kwamba hugandisha damu mtu akijikata. Maji hayo anachomwa nayo utosini, sindano ndogo ndogo zisizohesabika. Mimi humshika mkono. Anauma meno tu. Daktari alisema kweli tangu mwanzo: baadhi ya watu tiba hii huwasaidia, ila penye kovu hawezi kuahidi. Mama alisikia nusu ya kwanza.

Hawezi kuuona utosi wake mwenyewe, hivyo kazi ya kupiga picha kila mwezi ni yangu. Mwezi wa kwanza hakukuwa na kitu. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akanitazama usoni kupitia kioo. Nikashindwa. Nikachukua kitana cha mkia, nikavuta nywele za pembeni zikafunika pengo, kama alivyonifundisha kuwafanyia wateja, ndipo nikapiga. Alipoiona alilia kwa furaha. Baada ya hapo ningesemaje?

Akijipapasa anakuta ulaini, anasema ni vinyweleo bado vichanga. Nilitafuta kitabu maktaba, hamniiti Mama Vitabu bure. Kinasema ngozi ikishakuwa laini na kung'aa namna hiyo, vishimo vya nywele vimeziba, haoti mtu nywele tena hapo. Nilikisoma mara tatu nikitafuta sentensi ya kukipinga.

Wiki iliyopita daktari alitaka waache sindano. Mama akamtolea picha. Daktari akatazama simu, akatazama kichwa, kisha akanitazama mimi. "Mama," akasema, "mimi natibu kichwa, sitibu picha." Mama alitoka amenuna, akisema huyo kazi imemchosha. Ijumaa akaitangazia saluni nzima, "Kesho nafungua kitambaa. Madoido, uje na miwani!"

Jana asubuhi, kabla hatujafungua mlango, tayari alikuwa ameshika fundo. Nilimwomba akae. Sikugusa kitana. Nilipiga picha nikampa simu, kisha nikamweleza nilichokuwa nikifanya.

Aliitazama muda mrefu. Akauliza, "Zote tatu?"

Nikasema zote.

Hakunipiga wala hakunigombeza. Alisema, "Ulinifanyia kama mteja." Akakaza kitambaa, akakigeuza kiti kikatazama ukuta.

Nisalimie Baba Mdogo na wadogo zangu. Bibi umwambie naendelea na masomo, mengine usimwambie. Usimpigie Mama simu kwanza. Sidhani kama atanisamehe upesi, na nywele hazitarudi, kwa hiyo sijui nikuombe nini. Mungu akulinde wewe huko, akupunguzie maumivu ya mgongo.

Jana hiyo Madoido alipofika nilimfuata mlangoni, nikamwambia leo hatufanyi kazi. Alikuwa amekuja na miwani kweli, ya jua. Nilifunga mlango, nikafagia, nikafua taulo na kuzianika. Kisha nikampelekea Mama chai na kusimama nyuma ya kiti chake mpaka ikapoa.

Mwanao akupendaye sana,
Mama Vitabu