Edwina na Nyumba ya Mwandishi wa Vita

Maryland, 3 Oktoba 1976

Dada Verna,

Edwina amepata kazi ya kuongoza wageni kwenye hifadhi ya mlimani! Mwanangu huyu, aliyekuwa akijificha kwenye aproni yangu kila mgeni akipiga hodi, sasa amevaa kofia ya serikali na watu wazima wanamfuata nyuma kama vifaranga!

Haya, nimeshapumua. Hujambo, dada yangu? Mgongo wa shemeji unaendeleaje, na vijana huko Ohio hawajambo? Sisi wazima, ila Russell wangu analalamikia goti, nami furaha imeninenepesha.

Jumapili iliyopita, tulipotoka kanisani, nilipanda mlimani kumsikiliza. Ni kwenye lile shamba la mwandishi wa habari za vita, tulikokuwa tukichuma beri katikati ya kuta zilizoanguka. Serikali imepatengeneza, hupajui tena. Nilivaa gauni langu la bluu nikasimama mbele kabisa. Bibi mmoja wa Baltimore akaninong'oneza kwamba huyu binti anajua kusema. Nikamwambia ni wangu, nimemzaa mwenyewe, na shuleni hakuna aliyempita. Jirani yetu mzee Clagett akaropoka nyuma yangu, "Lorna, waachie na wenzako hewa kidogo!" Nikamuuliza wa kwake yuko wapi leo.

Edwina alieleza jinsi yule bwana, kijana mbichi, alivyofuata majeshi ya Kaskazini katika vile vita vya wenyewe kwa wenyewe, akiandika juu ya tandiko la farasi, na jinsi kalamu ilivyomjengea nyumba za mawe kilele kizima. Kisha akasimama kwenye meko kubwa, penye pengo juu yake. Akaonyesha picha ya zamani: hapo palikuwa na jiwe lililochongwa bundi ameshika kalamu. Akasema limepotea miaka mingi, na kulitafuta ndiyo kazi ya kwanza aliyopewa. Ameandika barua kila mahali, hajapata kitu. Watu wakasikitika. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Verna, kaa chini kwanza. Jiwe hilo ninalo mimi. Ndilo lile tunalokanyaga kwenye mlango wa jikoni.

Baba alilileta mwaka 1938, wakati wewe uko kwa shangazi Baltimore. Mimi nilikuwa na miaka tisa, nikamshikia hatamu za nyumbu. Unajua bonde zima lilichota mawe kule, huyu wa bomba la moshi, yule wa banda la nguruwe, na hakuna aliyeita huo wizi. Ila Baba alimlaza yule bundi kifudifudi, akanikataza kumwambia mtu, hata wewe. Kama angeona ni halali, angeuweka uso juu.

Mchana uleule nilimwambia Edwina, tukimenya matofaa. Akaweka kisu chini. Akasema amelikanyaga jiwe hilo tangu ajue kutembea, nami nimenyamaza tu, hata alipoanza kulitafuta? Siku mbili hakuja kula kwetu. Ya tatu akaja, akasema amemweleza mkubwa wake kila kitu, na watalipokea kwa shukrani. Kisha akasema, kwa upole kabisa, kwamba nikitaka, kwenye daftari la hifadhi itaandikwa kuwa limerudishwa na mtu asiyejulikana.

Nilitamani kusema ndiyo. Baba alikuwa mzee wa kanisa, nawe ndiye uliyesema kwenye mazishi yake kwamba hakuwahi kuchukua hata msumari wa mtu. Lakini mwanangu anasimama pale kila siku akiwaambia watu ukweli wa mahali pale. Nikamwambia aandike jina la babu yake, na kwamba nitalitamka mwenyewe mbele ya watu.

Nikasirikie mimi ukitaka, dada, ila usilisikie kwanza kwa Clagett. Na kama utanikatalia kumtaja Baba, nikatalie usoni, si kwa barua.

Wasalimie wote hapo. Njooni na vijana wenye mikono ya nguvu, maana jiwe ni zito, na tukishalifikisha tutachemsha matofaa kwenye sufuria kubwa ya shaba hadi yawe jamu, kila mtu apate mtungi wake.

Nduguyo akupendaye,
Lorna

Tunaling'oa Jumamosi, tarehe 16 Oktoba, saa nne asubuhi. Nitakapolitaja jina la Baba, nataka uwe umesimama kando yangu.