Jina Sikuandika

Shoga, nimetoka kwenye usaili wa kazi ya ushauri nasaha sasa hivi. Nimeharibu.

Si ulisema wasifu wangu mwepesi? Nikaongeza mstari mmoja: "Nilimpa ushauri nasaha mwalimu mkuu wa shule ya bweni ya wasichana kwa wiki sita, akaacha pombe." Jina sikuandika. Naapa, jina sikuandika!

Mama mmoja wa jopo akausoma mara mbili. Akavua miwani.

"Shule ya bweni ya wasichana mjini hapa ni moja tu. Mwalimu mkuu wake ni mume wangu. Wiki sita hizo alituaga anakwenda kozi."

Kozi, shoga! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikikana, nimesema uongo. Nikikubali, nimemsaliti mtu wa watu. Nikaambulia, "Siwezi kujibu hilo, mama."

Akasema, "Umeshajibu."

Nimempigia mteja wangu kabla mkewe hajafika nyumbani. Nimemweleza yote, nimemwomba radhi. Akaniuliza mkewe alisema nini hasa, nikamrudia neno kwa neno.

Kisha akasema taratibu, "Nilikuwa nimepanga kumwambia mwenyewe Jumapili."