Viatu Mlangoni kwa Mama Sudi

Kiseke, Jumanne, baada ya isha

Nani alinituma kuwa na adabu siku ile? Polisi walipokuja kupekua chumba cha Sudi walinichukua mimi, jirani, niwe shahidi huru. Wao waliingia na buti zao. Mimi nikainama mlangoni kufungua viatu, maana kwa Mama Sudi hatuingii na viatu.

Nilipoinua kichwa, askari alishashika kifurushi cha bangi. "Umeona, mama? Kimetoka chini ya godoro." Nikasema ndiyo. Nikasaini hati.

Labda kweli kilitoka huko. Sijui, na kesho natoa ushahidi mahakamani.

Jioni Mama Sudi ameniletea sato. Nimemwamkia shikamoo, akaitikia huku kanishika mkono. "Mwanangu, mimi sina wasiwasi. Wewe ulikuwepo. Huwezi kusema ambacho hukukiona."

Samaki nimemfunika, sijaweza kumla. Nimefunga mlango, najaribu kwa sauti maneno ya kesho: "Mheshimiwa, sikuona. Nilikuwa navua viatu."

Nimerudia mara nyingi. Hata masikioni mwangu yanasikika kama uongo.